Kompyuta ya Dada Halima

Juzi mwanangu alirudi kutoka darasa la kompyuta akilalamika kwamba programu yake haikomi, nikasikia tena harufu ya maziwa zizini kwetu Garsen.

Nilipokuwa mdogo, kaka alifundishwa kompyuta darasani. Dada Halima alijifunza peke yake kutoka daftari la kaka. Alasiri moja aliniandikia humo amri kama za kompyuta: mfungulie ndama, mpeleke kwa mamake, rudia mpaka ndama waishe. Ndama mmoja alikuwa yatima. Nilimzungusha kwa kila ng'ombe mpaka ikaadhiniwa magharibi, nikiamini kompyuta ni mtoto mtiifu. Dada akaongeza mstari: kama hana mama, mnyweshe kwa kibuyu.

Mwalimu wa kaka alipoiona programu hiyo daftarini alimuuliza dada: "Umeijaribu kwenye kompyuta gani?"

Dada akaninyooshea kidole.