Matawi ya Manyara

Oktoba, mvua ikiwa bado ni habari ya redioni tu, zamu ya kupamba mimbari ya kanisa letu iliniangukia. Bustanini kwangu, nje kidogo ya Kitui, ilibaki bogenvilia yenye vitawi vinne. Nilivitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia pamoja na nyasi kavu. Majani mabichi hayakuwepo, na mimi mtu wa kiburi sikutaka kina mama wenzangu waseme nimepeleka kuni kanisani.

Kitu cha kijani kilichosalia kilikuwa ua wa manyara uliozunguka boma, mmea wa vijiti vya kijani visivyo na majani. Kila mtoto wa Ukambani huonywa kwamba utomvu wake mweupe ukikuingia jichoni utapofuka. Lakini nilijiona mjuzi. Nilikata matawi marefu, nikazichoma ncha kwa jivu la moto mpaka utomvu ukaacha kutoka, nikayapanga, kisha nikanawa mikono kwa sabuni. Yalipendeza, nasema kweli.

Nikaingia ndani kubadilisha nguo. Nilipotoka nilimkuta mama yangu ameketi mbele ya kopo, akiyavunja matawi kwa vidole. Mama alikuwa na jicho moja tu linaloona; la pili lilikwisha zamani kwa ugonjwa wa mtoto wa jicho.

"Hizi ni ndefu sana," akasema. "Zitaficha pasta."

Halafu akajifuta jasho usoni.

Nilimwagia jicho lake lile linaloona ndoo nzima ya maji, maji ambayo wiki hiyo tulikuwa tukiyapima kwa kikombe. Jirani akaja mbio na maziwa ya mbuzi, tukaosha tena. Jicho lilivimba, likafunga. Mama hakulia. Mimi ndiye niliyelia, maana manyara yale niliyaleta mimi, na sikuwa nimemwambia neno.

Tulimpigia simu mtu wa bodaboda atupeleke hospitalini. Tukiwa tunamngoja kivulini, jicho likafunguka kidogo.

"Mwaitu, mama yangu, unaniona?"

"Nakuona."

Sikumwamini. Niliogopa kuuliza, nikauliza hivyo hivyo.

"Hivi ni vidole vingapi?"

Akageuza uso polepole upande wa sauti yangu, akatabasamu.

"Vitatu. Si nimekuambia niko sawa? Wacha kulia, mwanangu."

Nilikuwa bado sijainua mkono.