Bomba la Kisima Namba Saba

Ukimuuliza shangazi yangu Graciana kazi yake ni nini, atakwambia anapima umbali. Ni umbali wa kutoka mdomo wa bomba hadi yaliko maji, chini ya ardhi, ambako hakuna anayeyaona. Anateremsha tepu ndefu yenye ncha inayolia ikigusa maji, anasoma namba, anaiandika kwenye daftari la njano, halafu anaendesha maili kumi na tano hadi bomba linalofuata. Alianza kabla mimi sijazaliwa.

Ni mhadhiri wa uhandisi wa maji na mazingira, na kitivo chao kina mkataba na Ofisi ya Ardhi. Huku kwetu Nevada karibu bonde zima ni mali ya serikali kuu, sisi wafugaji tunalisha kwa kibali tu. Ofisi haina watu wa kutosha wa kuzunguka visima vyote, kwa hiyo chuo kinapima na kuandika ripoti, na ofisi inaamua nani alishe wapi. Ndiyo kusema ndani ya namba za shangazi kuna ng'ombe. Na katika Kisima Namba Saba, ng'ombe hao ni wa baba yangu, Xabi, ambaye ni mdogo wake wa tumbo moja.

Hilo halikufichwa. Shangazi aliliandika kwenye fomu tangu mwaka wa kwanza. Bonde lina familia sita na nne ni ndugu zetu, sasa wangempata wapi mpimaji asiye na ndugu?

Ranchi yetu iko maili tisini kutoka mjini, kwa hiyo siku za shule nalala kwa shangazi. Kila Jumapili baba hunileta, na tunakula mchana sote watatu kwenye hoteli ya zamani ya wachunga kondoo, ile yenye meza moja ndefu ambayo unakaa popote na kumpa supu usiyemjua. Jumapili ninayoisimulia ilikuwa ya Aprili. Jumanne yake shangazi alitakiwa kutuma ripoti ambayo ofisi ingeitumia kutoa vibali vya miaka kumi. Mpaka ulikuwa futi thelathini na mbili. Maji yakiwa chini zaidi ya hapo, ng'ombe wanatoka upande wote wa mashariki. Namba Saba ilisoma thelathini na moja na kidogo.

Baba alikuwa na furaha siku hiyo. Alikuwa anamtania.

"Maialen, mwambie shangazi yako ale. Ameolewa na tepu, lakini tepu haipiki."

"Tepu hainiachii vyombo vichafu," shangazi akasema.

"Wala haikutengenezei mabomba. Bila mimi Namba Saba ingekuwa imepinda kama mkia wa nguruwe mpaka leo."

"Imepinda lini tena?"

"Ah, we nawe! Ule mwaka wa theluji. Fahali alijikuna pale mpaka akalilaza. Nikakata kipande kilichopinda, nikalipiga tupa mdomoni, likawa laini kama chupa ya mtoto. Na nilikupigia simu."

Shangazi alikuwa ameshika kijiko cha supu ya vitunguu saumu. Alikirudisha bakulini polepole.

"Ulikata kiasi gani?"

"Sijui. Hivi." Baba alionyesha kwa mikono, kama mvuvi anayeonyesha ukubwa wa samaki. "Kwani vipi? Supu inapoa, dada."

Nilidhani shangazi amekasirika kwa sababu bomba ni mali ya serikali. Sikuelewa mpaka nyumbani kwake, alipoteremsha madaftari yote ya njano kutoka kabatini na kuyatandaza sakafuni bila hata kuvua koti. Nikamuuliza bomba kukatwa kuna ubaya gani, kwani maji si yako palepale?

"Maji yako palepale," akasema. "Mimi ndiye niliyesogea. Napima kutoka mdomo wa bomba. Mdomo ukishuka futi moja, maji yanaonekana yamepanda futi moja. Hayajapanda. Ni kama kumpima mtu urefu halafu uchimbe sakafu."

Akaupata ukurasa. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, wa miaka saba nyuma: *Xabi kapiga simu. Fahali kapinda bomba la 7, kalitengeneza. Nimpelekee mvinyo.*

Basi. Alimpelekea mvinyo, naukumbuka ule mvinyo, baba aliusifia mwaka mzima. Lakini hakwenda kupima bomba upya. Kanuni ya kwanza anayowafundisha wanafunzi wake ni kwamba bomba likiguswa, hata likipigwa teke, unapima kimo chake upya kabla ya kuandika chochote. Mwaka ule maji yalipoonekana yamepanda, alisema ni theluji. Akaandika hivyo, akaenda kulieleza kwenye mkutano wa wataalamu, na mpaka wakati huo alikuwa akiwaonyesha wanafunzi kwa mchoro kwenye slaidi jinsi majira mamoja ya theluji yanavyoweza kuokoa bonde.

Tuliondoka mara hiyo. Tulifika Namba Saba saa kumi jioni, jua bado kali, upepo ukivuma juu ya vichaka vya kijivu. Baba, aliyekuwa amerudi ranchi baada ya chakula, alishaiona pikapu yetu barabarani na alikuwa akitungoja, ameegemea uzio, mikono mfukoni.

Shangazi hakumsalimia. Alipiga magoti, akaweka rula kwenye zege na kupima hadi mdomo wa bomba. Mara tatu. Bomba lilipowekwa lilisimama futi tatu na sehemu moja ya kumi. Sasa lilikuwa futi moja na sehemu saba. Halafu akateremsha tepu, ikalia, akasoma. Aliniomba niandike.

"Thelathini na moja na sehemu moja," akasema. "Ongeza moja na sehemu nne."

Niliongeza. Ilikuwa thelathini na mbili na nusu.

"Nini hiyo?" baba akauliza.

"Ni maji yako, Xabi. Yamevuka mpaka. Nadhani yalivuka miaka miwili iliyopita."

Baba alicheka, kisha akaona hakuna mwenzake anayecheka.

"Unaniondoa kwa sababu ya kipande cha chuma cha urefu huu?"

"Siyo chuma. Chemchemi ya Mierebi unaiona mwenyewe. Ulisema ndama wanazama matopeni mahali palipokuwa na maji ya goti."

"Nilikwambia kama dada yangu! Sikumwambia mpimaji wa serikali." Alivua kofia, akaivaa tena. "Miaka saba umesema maji yapo. Sema mara moja tu zaidi. Nani atakuja kupima bomba? Nani zaidi yako anajua hata kwamba bomba lina kimo?"

"Mimi."

"Nililipiga tupa, Graciana! Nilikaa kwenye theluji saa nzima nalipiga tupa, ili makali yasikukatie tepu yako. Unajua kulikuwa na baridi gani?"

"Najua."

"Hujui. Ulikuwa ofisini."

Shangazi aliinama kukunja tepu na alikunja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoinuka, alisema kwa sauti ambayo hutumia kwa wanafunzi waliofeli, ile ya upole ambayo wanaiogopa kuliko kelele.

"Kosa si lako. Uliniambia, na niliandika. Ningekuja siku ile, ungejua mapema, ungepunguza ng'ombe kidogo kidogo. Nimekuibia miaka saba ya kujiandaa. Hilo nitaliandika pia."

"Andika unachotaka," baba akasema. "Maialen, unakwenda na nani?"

Kesho yake ilikuwa shule. Niliingia kwenye pikapu ya shangazi, na baba akafunga mlango wangu kutoka nje bila kunitazama.

Jumatatu, nilipotoka shule, nilimkuta shangazi jikoni akizungumza na Bi Rushforth wa Ofisi ya Ardhi. Simu ilikuwa mezani, spika imewashwa, kwa sababu alikuwa akimenya viazi. Shangazi akiwa na hofu humenya viazi. Tulikula viazi wiki nzima.

"Graciana, hebu subiri," Bi Rushforth alikuwa akisema. "Unaelewa unachoniambia? Ukinitumia hiyo karatasi sina namna. Sitaweza kumpa hata mwaka mmoja."

"Ndiyo maana nakupigia kwanza. Usishtuke ukiisoma."

"Na kitivo chako? Watauliza visima vingine kumi viko salama kiasi gani."

"Acha waulize. Hata mimi nauliza."

Halafu Bi Rushforth akasema, si kama mtu wa ofisi tena, "Nilisoma na Xabi, unajua. Alinibebea vitabu darasa la tano."

"Alinibebea na mimi," shangazi akasema, na akakata simu kwa kidole chenye maganda.

Aliituma Jumanne asubuhi. Alasiri akaenda darasani na kufuta mwenyewe ule mchoro wa theluji kwenye slaidi zake. Mwanafunzi mmoja, anayekaa jirani yetu, aliniambia darasa zima lilidhani ni mtihani, kwamba anataka kuona kama watambishia. Hakuna aliyembishia. Mwezi wa tano kitivo kilimpa mtu mwingine uongozi wa mkataba. Shangazi alibaki kuwa mpimaji, akipeleka madaftari yake kukaguliwa na kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika tepu.

Barua ya baba ilifika Juni. Ng'ombe wote watoke upande wa mashariki kabla ya tarehe mosi Julai. Mia mbili kumi na wanne. Nusu ingebidi wauzwe, maana nyumbani nyasi hazitoshi. Baba aliisoma amesimama, akaibandika kwenye jokofu kwa sumaku, juu ya ratiba yangu ya shule. Hakuwa amezungumza na shangazi tangu siku ile kisimani. Jumapili alikuwa akiniteremsha mbele ya hoteli na kuondoka bila kula.

Siku ya kuwahamisha, shangazi alikuja. Hakuna aliyemwalika. Alishuka kwenye pikapu amevaa buti zake za zamani. Baba alimtazama, kisha akaniambia mimi, kana kwamba yeye hayupo, "Mpe yule farasi jike wa kijivu. Akae nyuma."

Nyuma ya kundi ni mahali pa vumbi. Alikaa huko saa tano nzima. Nilipogeuka, niliona kofia tu, halafu hata kofia sikuiona. Hakupaza sauti ila kwa ng'ombe, na ng'ombe walimsikia vizuri zaidi kuliko walivyonisikia mimi.

Tulifika kwenye geti la serikali mchana. Baba alisimama upande mmoja, shangazi upande wa pili, kama walivyokuwa wakifanya utotoni na kondoo wa babu, na ng'ombe wakapita katikati yao huku kila mmoja akihesabu kimoyomoyo. Wa mwisho alipopita, nilishika mnyororo nifunge.

"Mia mbili kumi na wanne," baba akasema, akiniambia mimi.

Shangazi alifuta vumbi mdomoni. "Mimi nimepata mia mbili kumi na watatu."

Upepo ulikuwa umetulia, ng'ombe wakiitana na ndama wao upande wa pili. Baba alimgeukia.

"Una uhakika?"

"Sina," akasema. "Ninachojua ni kwamba namba zetu hazilingani."

Baba alitazama korongo tulikotoka, maili nyingi za vichaka na joto, na farasi wake alikuwa tayari ameloa jasho. Alitema mate chini. Kisha akanifanyia ishara niache mnyororo wazi, akamgeuza farasi, na kuanza kurudi. Shangazi alimfuata, si karibu sana.