Jino la Clementi

Nchi ilipopata uhuru, Clementi Wanzagi wa Bunda alipata pengo. Siku ileile, mbele ya umati, alifungua chupa ya bia kwa meno, kizibo kikatoka na jino la mbele. Akaliokota, akalitia kwenye kiberiti na pamba ya shambani kwake, akatangaza kwamba Serikali mpya italeta daktari wa kulirudisha. Haya, akangoja.

Kumbe Serikali ilikuwa na kazi nyingine. Mtu aliyekuwa akicheka hadi ng'ombe wanageuka, sasa alicheka na kiganja mdomoni. Mvumilivu hula mbivu, wakubwa wa chama walimwambia, bila kusema atazila kwa meno gani. Mwaka 1974, badala ya daktari, likaja lori. Nyumba ikabomolewa, wakahamishiwa kijiji cha ujamaa, nguzo zilezile zikasimikwa kwenye tope, zikayumba wiki hiyohiyo. Mkewe Marcelina alipoteza vyungu vitatu, lakini kiberiti, alisema, kimepona. Jino akalishonea kitambaa, eti lisipigwe upepo.

Mwaka uliofuata zikaja habari kwamba Musoma amefika daktari wa meno. Clementi akavaa koti la kanisani, akapanda basi.

Daktari alipapasa ufizi. "Mzee, pengo hili la zamani. Mfupa ulioshika jino umekwisha. Hata jino likiwa zima, halina pa kusimama."

"Kama nguzo zangu. Si muongeze mfupa?"

"Hapa hatuwezi. Ng'ambo wanakataga kipande cha nyonga, wanapandikiza kwenye taya."

"Wanachimba shimo ili wafukie shimo," Clementi akasema. "Kumbe na wao wanahamishwaga."

Daktari akafumua kitambaa. Akatazama, akatazama tena.

"Mzee, samahani. Hili ni jino la mbuzi."

Clementi akaliona tena akilini lori lile, vyungu vilivyovunjika, na Marcelina akishona bila kuinua uso. Hasira ikampanda, ikashuka, akabaki anamhurumia mke wake.

"Kushona unajua?" akamuuliza daktari. "Basi rudishia kama lilivyokuwa."

Marcelina alimngoja mlangoni, ameshika upindo wa khanga. "Wamesemaje, Baba Nyamburi?"

"Jino halina kasoro. Taya langu ndilo limechelewa." Akamkabidhi kiberiti akakiweke. "Na daktari kausifu mshono wako."

Marcelina akainamisha kichwa. Clementi akacheka, na kiganja akakisahau.