Nilienda kutafuta hazina ya masetla kwa baiskeli, nikakuta jiwe la nyanya yetu

Wakuu, salamu kutoka Merigi. Hii sijaitia chumvi. Mwenye kubisha nitamtumia picha.

Wiki jana binamu yangu Kiprono alinialika geocaching huko Kericho, katikati ya majani chai.

Kwa wasiojua: unapewa baiskeli, unafuata GPS ya simu, unatafuta viboksi vilivyofichwa. Ukichukua kitu ndani, unaacha kingine cha thamani sawa. Mwisho unaandika jina lako kwenye kijidaftari.

Njia nzima ni ya kuwakumbuka masetla wa kwanza wa Kizungu. Boksi la kwanza: hapa Bwana alipiga hema. La pili: hapa Bwana aliugua malaria, pole yake. La tatu: hapa Bwana alikuta ardhi tupu.

Tupu kabisa, wakuu. Nadhani babu zetu walikuwa wametoka kidogo kwenda dukani.

Guide wetu, kijana mwenye adabu, alikazia ile sheria ya kuchukua na kuacha. Nikamuuliza kama masetla pia waliifuata. Akasema hilo swali haliko kwenye programu.

Sasa, kogo, yaani nyanya yangu, amezeeka sana. Miaka yote amesema kwamba walipofukuzwa huko Kericho na masetla, mama yake aliacha jiwe la kusagia wimbi la ugali kwa sababu lilikuwa zito, na kwamba jiwe lenyewe lilikuwa limekatika pembe moja. Wajomba wanasema akili yake imechoka. Hilo linamuuma kuliko uzee. Anataka aaminiwe kabla hajaenda.

Boksi la mwisho lilikuwa chini ya "bakuli la ndege la Memsahib". Kadi ilieleza jinsi huyo mke wa Bwana alivyopenda kutazama ndege wakioga.

Nikapitisha mkono ndani ya lile bakuli la jiwe. Wakuu, ndege hawaogi mpaka jiwe likalika hivyo. Pembe moja ilikuwa imekatika. Nilishikwa na hasira.

Nikapiga video call. Shangazi akamwekea kogo simu usoni. Akaniambia nisogeze simu karibu na ile pembe.

"Ni hiyo," akasema. "Ukiona huyo memsahib, uliza yeye kama amemaliza kutumia."

Halafu akalia, na mimi nikalia, mbele ya watalii waliovaa helmet.

Guide akatuambia jiwe halibebwi, ni urithi wa shamba. Sawa.

Kwenye boksi sikuacha kitu. Familia yetu ilishaacha chake mapema.

Ila kijidaftari nilijaza, kwa jina la mama yake kogo: Taprandich. Palipoulizwa mgeni ametoka wapi, nikaandika: hapa hapa.

Funzo? Wasikilizeni nyanya zenu wangali hai. Wajomba wangu leo wanasema walijua tangu zamani.

Na wewe kama jiko la kwenu limegeuzwa bustani ya mtu, sema hapa chini ni wapi. Baiskeli tunazo.