Isale kisiwani

Harufu ya dagaa sokoni Kiboriloni bado hunirudisha kisiwani. Baba alikuwa mpishi kwenye boti ya watalii waliokwenda kutazama mamba Ziwa Viktoria, na safari moja alinichukua. Boti ilipotia nanga kwenye kimji cha kisiwani, tulimkuta mama, aliyekimbia kipigo cha baba, akianika dagaa. Baba alipiga magoti, akamnyooshea jani la isale alilolitunza tangu Machame ndani ya gazeti lililoloa. Kwetu, ukiletewa isale lazima usamehe, hata kama damu imemwagika.

"Huku hili ni jani tu," mama alisema, akaendelea kugeuza dagaa.

Honi ya boti ikalia.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba," akaitikia, kama anavyoitikiwa mtoto wa jirani.