Firigisi Nane kwa Watu Sitini

Mwaka 1953 shule ya kati ilikuwa karibu kufunguliwa jirani na Ihanja, na kamati yake ilitafuta mpishi. Walioomba kazi walikuwa wawili: mwanamume wa Mandewa aliyewahi kupikia maofisa mjini, na Lea, mjane wa miaka thelathini na minane aliyelima kibarua ili watoto wake watatu wale. Mwalimu mkuu, Stefano, alimpa Lea jaribio. Awalishe wazazi na wazee sitini siku ya mkutano, kwa shilingi kumi na tano.

“Akiondoka mtu na njaa au na kinyongo,” Stefano alimwambia, “kazi anaichukua yule wa Mandewa.”

Lea alinunua kuku wanane waliokoma kutaga, kwa sababu huuzwa rahisi na supu yao ni nzito. Aliwachinjisha kwa jirani Mwislamu, asiwepo mtu wa kuuliza. Alinunua karanga na chumvi. Unga wa uwele aliuchangisha kwa wazazi, kibaba kwa kila nyumba, na mlenda mkavu na kunde alivitoa katika akiba yake mwenyewe. Sahani hazikutosha, basi akaagiza kila mtu aje na bakuli lake.

Hesabu ya nyama ilikubali. Kila kuku alitoa vipande vinane, jumla sitini na vinne. Iliyokataa ilikuwa ya firigisi. Huku kwetu firigisi huwekewa mwenye heshima, na mwanamke hana sehemu nayo. Firigisi zilikuwa nane. Wazee waliotazamia kuwekewa walikuwa kumi na wanne.

“Wape wazee wa kanisa,” alisema Klara, jirani aliyekuja kumsaidia kutwanga karanga.

“Na wale wa msikitini niwape maneno?”

“Basi zifiche. Sema paka kala.”

“Paka gani huyo wa firigisi nane, Klara?”

Lea alizikatakata kama chembe za mchele, akazikaanga kwa kitunguu, kisha akazimimina kwenye mchuzi wa karanga na kukoroga mpaka hakuna jicho ambalo lingeweza kuzitenga.

Adhuhuri aliunganisha madawati matatu, akavipanga vyungu: ugali, mlenda, kunde, na mwisho kabisa kuku. Watu walipita kwa mstari na kujipakulia wenyewe. Kwenye chungu cha kuku tu, kata ya kupakulia ilikuwa mkononi mwake.

Mzee Paskali, mkubwa wa kamati, alikuwa wa kwanza. Alipopakuliwa alichungulia bakuli lake, akasimama. Mstari wote ukasimama.

“Shikamoo, baba,” alisema Lea.

“Marahaba. Firigisi yangu iko wapi?”

“Imo humo kwenye mchuzi, baba. Zote nane zimo.”

“Na hawa nyuma yangu?”

“Nao watapata.”

“Hata wanawake?”

“Hata wao. Mchuzi ni mmoja.”

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa. Paskali alichovya tonge, akala polepole. Akanyoosha tena bakuli.

“Ongeza. Sijaiona hiyo firigisi bado.”

“Hapana, baba. Akishapita wa mwisho, ukirudi nitakuongeza.”

“Unajua unayemnyima?”

“Namjua. Namwomba asubiri.”

Stefano aliinamisha kichwa. Paskali aliondoka mezani, akaenda kukaa peke yake.

Watu waliokula walikuwa sitini na watatu, kwa maana watatu walikuja bila kualikwa. Wa mwisho, bibi kutoka upande wa pili wa bonde, alipata kipande chake na mchuzi wake. Ndipo Lea alipochukua kipande kimoja kilichobaki, akampelekea Paskali na kumpigia magoti. Mzee alikipokea, akakila mbele ya watu wote.

Kamati ilikaa jioni. Wajumbe wawili walimtaka yule wa Mandewa. Walisema mwanamke huyu hana adabu kwa wakubwa. Paskali aliwaacha wamalize.

“Yule wa mjini angeniongeza,” alisema. “Kesho angemwongeza karani, keshokutwa shemeji yake, na watoto wetu wangelamba vyungu. Huyu kaninyima mimi, na kazi yake iko mikononi mwangu. Atampendelea nani mwingine?”

Stefano aliandika jina la Lea, na Jumatatu, kabla ya wanafunzi kufika, alikuwa jikoni akipima unga.