Mume Wangu Hakufungiwa Ghorofani

Mume wangu alikufa. Inaudhi kwamba mtu mwenye akili zake timamu na vyeti vyake ukutani alazimike kukaa chini aandike sentensi kama hiyo, lakini nimefikishwa hapo. Alikufa hospitalini, asubuhi, dada yake ameshika mkono wake mmoja na mimi nimeshika wa pili. Akazikwa mchana kweupe mbele ya mahakimu wenzake, makarani, na mawakili ambao baadhi yao hawakuwahi kumpenda. Hakufungiwa chumba cha juu. Halishwi kwa sahani inayopitishwa chini ya mlango. Nyayo zinazosikika huko kila Jumamosi ni zangu, kwa sababu huko ndiko viliko vitabu vyake, na vitabu visipopata hewa huota ukungu. Mlango naufunga kwa ufunguo kwa kuwa dari linavuja upande mmoja na sitaki mtu anisogezee ndoo.

Aliyeyazusha yote haya ni wifi yangu, dada wa marehemu, na hakuwa na nia mbaya hata chembe. Hilo ndilo linalonichosha zaidi. Mwenye nia mbaya ungemfungia mlango ukapumzika. Wifi huwezi kumfungia mlango, maana atakaa kibarazani afungue kitabu, na jioni utamkuta hajagundua kuwa ulifungwa.

Ni fundi cherehani, na mshono wake hauna mfano katika mtaa wetu. Hilo nalisema kwa haki. Aliacha shule mapema ili kaka yake aendelee, kama ilivyokuwa katika nyumba nyingi, na kaka yake hakulisahau. Kila kitabu alichokimaliza yeye, kesho yake kilikuwa mkobani kinapelekwa kwa dada. Lakini wifi hakutosheka na vya mkobani. Kwa muuza vitabu vikuukuu pale kituoni alijinunulia vya kwake: vyenye jalada la damu, vyenye watu wanaobusiana juu ya farasi, vyenye majumba yanayoelea mawinguni. Alisoma akikoroga uji, na uji ukashika chini. Alisoma akitembea. Siku moja aliingia nyumba ya jirani akidhani ni kwake, akavua viatu, akakaa, akamaliza sura nzima, na jirani, mtu mwenye adabu zake, akamletea chai.

Vya kutisha anavipenda kwa kuwa, anasema, humo mtu akisikia kitu gizani anakwenda kutazama, halali na hofu yake kama sisi. Vya mapenzi anavisoma kwa ugomvi; utamsikia peke yake chumbani, "Si umwambie tu, mwanamke wewe, unasubiri nini?" Vya njozi, vya falme na mazimwi na panga zinazosema, anavikagua kama anavyokagua pindo. Zimwi likishaambiwa mwanzoni kwamba haliwezi kuvuka maji, basi lisithubutu kuvuka mwishoni, la sivyo mwandishi atatukanwa hadi wiki iishe. Na vile vya kaka yake, vya watu wanaokaa dirishani wakiwaza maisha, huvisoma polepole kuliko vyote. Huvisifu kwa kutokuwa na haraka, maana yeye kutwa yuko na wateja wenye haraka.

Mimi nimefundisha historia sekondari hadi nikastaafu, na msimamo wangu unajulikana. Kitabu kikujenge. Nilipomwambia hivyo alinitazama juu ya miwani yake akasema, "Wifi, wewe unasoma kama mtu anayekunywa dawa." Kuna maneno ambayo ukiyajibu unayapa hadhi.

Sasa, katika chumba chake cha kushonea wana utaratibu wao. Vyerehani vikilia hakuna anayesikia kitu, na kitambaa kikikatwa hakuna anayeruhusiwa hata kupiga chafya. Lakini mchana, kazi ikifika kwenye sindano ya mkono, kupinda na kutia vifungo, wifi huweka chini sindano yake na kuchukua kitabu. Mafundi wenzake hugawana kazi yake, naye huwasomea. Ubaya wenyewe uko kwenye majina. Riwaya nyingi zina watu wa mbali wenye majina marefu, watatu wakianza na herufi moja, na anayesikiliza huku ana kifungo mdomoni hupotea. Kwa hiyo wifi, tangu zamani, huyaondoa majina ya kitabuni na kuweka watu wanaowafahamu. Mfalme asiyetosheka huwa Mwenye Nyumba. Msichana asiyejua anampenda nani huwa Gauni la Kijani, kwa heshima ya mteja mmoja aliyerudisha gauni lake lirekebishwe mpaka rangi ikapauka. Na mpenzi mwenye mabega mapana, katika kila kitabu bila kubagua, ni Kinyozi, kwa sababu kinyozi yuko ng'ambo ya barabara na dirisha linamtazama.

Nilijua litafika mahali. Likafika. Mke wa kinyozi aliingia siku moja, mikono kiunoni, akataka kujua ni nani aliyebusiwa na mumewe kwenye mvua. Mafundi wakatazamana. Fundi wa vifungo, mwanamke ambaye ulimi wake ungetosha kukatia kitambaa, akamjibu bila kuinua kichwa, "Kambusu kweli, dada, lakini sura ya nane alijuta."

Ilichukua mchana mzima kumtuliza. Kinyozi mwenyewe hakusaidia. Alipoelezwa, alianza kuchana nywele zake kila saa na kutuma watu wamuulizie kitabuni amefikia wapi. Nilimwita wifi nyumbani, nikamwambia kwa lugha nyepesi kwamba watu wasioujua utaratibu wao wanasikia nusu na kupeleka nzima. Akakubali, akanishukuru, akala, akaondoka. Hakuacha. Alichofanya ni kumpa mke wa kinyozi kiti, ili asikilize kuanzia mwanzo.

Halafu kikaja kile kitabu cheusi. Ni cha kutisha. Ndani yake mna nyumba kubwa, mjane aliyesoma, mwenye msimamo, anayeweka funguo zake kiunoni, na chumba cha juu ambamo husikika nyayo. Na mume ambaye watu wote wameambiwa kafa. Nadhani msomaji ameshajua mjane yule alipewa jina gani. Aliitwa Wifi, kama dada wa marehemu anavyoniita mimi, na chumbani mle hakuna asiyejua Wifi ni nani. Mume, naye, akaitwa Kaka.

Mteja mmoja alikuwa nyuma ya pazia akijaribu sketi. Akasikia, kwa sauti ya dada wa marehemu mwenyewe, kwamba Wifi alimfungia Kaka ghorofani akawatangazia watu kwamba amekufa, na kila jioni humpelekea sahani. Akatoka na sketi ikiwa na pini zake. Kufika siku ya soko habari ilikuwa imeshaongezewa minyororo.

Ningeweza kuudharau uvumi ule, kama nilivyoudharau mwingine, lau si binti yangu. Amechumbiwa na kijana ambaye sina neno naye, daktari wa mifugo, mpole, anayesimama mkubwa akiingia. Siku ya kuja kwao ilikwisha kupangwa. Badala yake akaja shangazi yake peke yake, bila taarifa, muuguzi mstaafu, mwanamke mpana mwenye mkoba mkubwa. Hakuzunguka.

"Mama, mimi kazi yangu ilikuwa kuuliza watu mambo ya aibu wakiwa hawana nguo," alisema. "Kwa hiyo utanisamehe. Nionyeshe kile chumba cha juu, kisha tunywe chai, tuzungumze harusi."

Binti yangu alikuwa mlangoni na trei. Aliniangalia kwa namna ambayo sijaisahau. Alikuwa ananisihi nipande ngazi tu, nizungushe ufunguo, yaishe. Na ingekuwa rahisi. Lakini ukishamwonyesha mtu kwamba mumeo hayumo nyuma ya kabati, umekubali kuwa lilikuwa swali la haki, na watoto wa watoto wako watasimuliwa kuwa nyumba ya Hakimu ilipekuliwa. Nikamwambia shangazi kwamba mume wangu hatafutwi vyumbani. Akachukua mkoba wake. Akasema basi, atawaambia wenzake alichokikuta, yaani mlango uliofungwa.

Binti yangu akaweka trei chini. "Mama, si umpeleke kwa shangazi basi," akasema, akimaanisha shangazi yake yeye, wifi yangu. "Ameanza yeye, amalize yeye."

Tukaenda. Ilikuwa saa ya vifungo na chumba kimejaa. Wifi alipomwona mgeni alisimama, akaamkia vizuri, na nilipomweleza kwa nini tuko pale alikaa chini taratibu kama mtu aliyechomwa sindano na bado hajajua wapi. Kumbe hakuwa na habari. Mtu anayeishi ndani ya vitabu husikia uvumi wa mtaa wake mwisho kabisa. Akafungua kitabu cheusi aonyeshe. Shangazi akasema yeye hakuleta miwani, na aliyezusha uvumi hajisomei ushahidi wake.

"Asome yeye," akasema, akinielekezea mimi kidole. "Mwalimu ndiye mwenye jina la kulinda. Akisoma uongo nitamwona usoni."

Nimesoma mbele ya wakaguzi wa shule, mbele ya waziri mara moja, na mazishini. Sijapata kusoma mambo ya mizimu mbele ya watu wanaotia vifungo. Nilisoma kama ilivyoandikwa, kwa matamshi sahihi, majina yote ya kigeni mahali pake. Sikufika mwisho wa ukurasa. Mafundi walikuwa wameshaanza kuguna.

"Huyo nani tena?" akauliza mmoja.

"Ndiye mjane," nikasema.

"Na huyo mwingine?"

"Ni huyo huyo. Hilo ni jina la ukoo wake."

Fundi wa vifungo akatoa kifungo mdomoni. "Mwalimu, tunapotea. Sema Wifi."

Nikamtazama wifi yangu, naye akatazama sakafu. Shangazi alikuwa ameegemea mbele, mkoba miguuni, macho hayanitoki. Hapo nikaelewa kwamba nikiendelea kwa majina ya kitabu hataelewa mtu, na asipoelewa mtu hataamini mtu. Nikarudi juu ya ukurasa. Nikasoma, mimi, kwa mdomo wangu, kwamba Wifi alipanda ngazi na sahani. Kwamba Wifi alisikiliza mlangoni. Kwamba wageni waliogopa wakakimbilia bustanini na watumishi wakakimbia nao, na Wifi akabaki peke yake na taa, akauliza, "Ni wewe?"

Hakuna sindano iliyokuwa ikitembea. Nikageuza ukurasa, shangazi akanishika mkono.

"Ngoja," alisema. "Sasa huyo mume ni mzima au ni mzimu?"

Mke wa kinyozi, kutoka kwenye kile kiti chake, akamwambia anyamaze, atajua. Shangazi wa mchumba, aliyekuja kupekua nyumba yangu, akanyamaza. Akapewa suruali ya kupinda ili mikono isikae bure, na akapinda, tena vibaya. Nikasoma mpaka mwanga ukapungua na koo likakauka. Alipoondoka alisema watakuja siku ile ile iliyopangwa, na kwamba kijana wao ataingia ukoo wa watu wenye kusoma kwa sauti nzuri. Sikujua niipokee kama sifa. Binti yangu aliipokea.

Mafundi walipokwisha kutoka nilibaki na wifi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimuuliza, katika nyumba zote za mtaa huu, na wanawake wote wenye funguo, kwa nini mimi.

Akaanza kuokota pini. "Umesoma mwenyewe. Wote wanakimbia, anabaki mmoja," akasema. "Ningemwita nani mwingine?"

Nikamwambia hilo halitoshi, kwa kuwa alimwita na mume jina la kaka yake, na kaka yake tulimzika wote wawili.

"Najua tulimzika, wifi. Mie ndiye niliyeshona sanda." Aliendelea na pini zake, moja moja, hadi nikadhani amemaliza. "Lakini humo kitabuni yuko juu tu. Ni kupanda ngazi."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia, kuhusu adabu, kuhusu jina la familia, kuhusu watu wa nyuma ya pazia. Nikamsaidia pini.

Harusi itafanyika, gauni analishona yeye, na uvumi ule kwa upande wetu umekwisha. Kilichobaki ni udhia mwingine. Sasa wananisimamisha dukani, kwenye foleni ya benki, hata mlangoni mwa daktari wa macho. Shangazi wa mchumba amepiga simu mara kadhaa kwa kisingizio cha rangi za vitambaa. Wote wanataka jambo moja: yule mume wa ghorofani, mwisho wa kitabu, anatoka akiwa hai au hatoki? Wamesikia kwamba nilikichukua kitabu kile nyumbani. Wamesikia kwamba Jumamosi nilikaa chumba cha juu muda mrefu kuliko kawaida.

Kitabu kimerudi kwa fundi, kina jalada jeusi, na vyerehani vikinyamaza husomwa. Waende wakasikilize, wachukue na sindano. Mimi nilichotaka kieleweke kuhusu mume wangu nimekieleza mwanzoni. Kuhusu yule mwingine, sisemi.